Ufalme Uliojificha

Wako watu wasemao kwamba hadithi za picha ni mchezo wa watoto, hazistahili kupimwa kwa mizani ya vitabu. Neno hili si la haki. Picha iliyochorwa vizuri husadikiwa upesi kuliko maneno. Kwa hiyo ikisema uongo, madhara yake ni makubwa. Basi na tuzipime hadithi za Black Panther pamoja na sinema iliyotokana nazo.

Mfalme huyu wa kubuni, T'Challa, alizaliwa kwa kalamu za Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, mwaka 1966. Nchi yake, Wakanda, iko Afrika. Ina madini ya ajabu, na ufundi wake wa mitambo unapita ule wa mataifa yote. Sinema yake, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilitoka mwaka 2018.

Aghalabu sinema hupunguza utamu wa kitabu, lakini hii imeuzidisha. Tazama watu wawili. Wa kwanza ni M'Baku. Katika hadithi za picha, tangu mwaka 1969, aliitwa mtu-nyani akavikwa ngozi ya sokwe mweupe. Jina hilo kwa Mwafrika ni tusi la zamani. Sinema imelitupa, ikamfanya mkuu wa watu wa milimani, mwenye heshima na ucheshi. Wa pili ni Nakia. Katika hadithi za Christopher Priest, zilizoanza mwaka 1998, alikuwa mlinzi wa mfalme aliyepatwa na wazimu wa mapenzi hata akawa adui. Katika sinema, Nakia, aliyechezwa na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o, ni mpelelezi mwenye akili akomboaye mateka, tena amhimizaye mfalme bila hofu kuwasaidia wenye dhiki walio nje ya mipaka yake. Mwenda wazimu amegeuzwa mshauri.

Hata hivyo iko kasoro. Vitabu na sinema vyote vinatuambia kwamba Wakanda ilistawi kwa sababu ilijificha. Maana yake ni kwamba Mwafrika angeweza kuwa mkuu ikiwa tu hakujulikana na mtu. Je, ni kweli? Sisi wa visiwa vya Lamu tuna ushahidi mwingine. Magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, ni ya mji uliokaliwa tangu karne ya 8 na kufanya biashara na nchi za mbali. Siyu ilisifika kwa mafundi wake na kwa watu walionakili Misahafu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Miji hii haikujificha. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarejea na kusi, na wenyeji wakapokea, wakachagua, wakaunda vyao.

Kweli, bahari hiyohiyo ilileta mizinga ya Wareno, na sehemu ya utajiri wa pwani ilitokana na jasho la watumwa. Mlango wazi una hatari zake, wala mwanafunzi asifichwe jambo hili. Lakini mwishoni mwa sinema T'Challa mwenyewe aufungua mlango wa nchi yake. Hadithi inaishia pale miji yetu ilipoanzia. Safari iliyobaki yawangoja wenye kalamu miongoni mwenu.