Usukani unaokunjwa wa kayaki: tuusifu, lakini tuukague pia

Ndugu mmoja wa promosheni yetu aliniambia: "Wazungu wameweka usukani unaokunjwa kwa kayaki, sisi tungali na kafi tu." Sikumbishia, juu na mimi nilifikiri vile, mpaka siku nilipokaa nyuma kwa kayaki ya watu wawili, ngambo ya Gisenyi, kwa ziwa Kivu.

Kwanza tuupe haki yake. Kayaki ya bahari ni ndefu na nyembamba. Ikiwa inatembea na upepo unaipiga ubavuni, pua inashikwa na maji inayoyapasua, lakini mkia unasukumwa. Ndiyo maana kayaki inageukia kule upepo unakotoka. Bila usukani utapiga kafi upande mmoja tu mpaka bega lichoke. Usukani unazuia mkia kuteleza. Hapo sina ubishi.

Kukunjwa nako ni akili nzuri. Unavuta kamba, ubapa unatoka majini na kulala juu ya mgongo wa kayaki. Ukikaribia mawe, ao ukitaka kurudi nyuma, hauvunjiki. Lakini kila faida iko na deni. Ubapa mrefu unashika maji vizuri, ila unapunguza mwendo. Ubapa mfupi ni mwepesi, lakini wimbi likiinua mkia, unabaki unapapasa hewa. Na ukiulaza juu, unashika upepo uleule tuliotaka kuushinda.

Kosa kubwa nililiona kwa miguu yangu. Pedali za kayaki ile ziliteleza mbele na nyuma ili kuvuta kable za usukani. Sasa mwenye kupiga kafi anahitaji kukanyaga kitu kigumu: nguvu inatoka kwa mguu, inapita kiunoni, inafika bega. Pedali inayoteleza inakula nguvu ile. Tukiwa mbali kidogo na pwani, kable ya kushoto ilikatika. Mguu wangu ulienda mbele bila kukuta kitu. Kwa mara moja nilipoteza usukani na mahali pa kukanyaga, na upepo ulikuwa ubavuni. Niliogopa, siwafiche.

Kilichotuokoa ni kamba ya kukunja. Niliupandisha ubapa, nikageuza kafi kuwa usukani, sawa vile mzee wa pirogi anavyofanya akikaa nyuma. Tulifika polepole.

Kuna wanaopendelea ubapa usiogeuka, unaoshuka kutoka kasha lililo ndani ya tumbo la kayaki. Pale miguu inakanyaga kitu kigumu. Lakini changarawe inaweza kuziba kasha, na kasha lenyewe linakula nafasi ya mizigo. Hakuna cha bure.

Hukumu yangu basi: kwa safari ndefu yenye mizigo, nitachukua usukani unaokunjwa, kwa masharti mawili. Sehemu ya kukanyaga iwe imara, na ncha tu ya mguu ndiyo igeuze usukani. Tena, pahali pa kable ya chuma kuwe kamba ngumu ya sintetiki, ambayo mtu anaweza kuibadilisha pwani kwa fundo, bila fundi.

Sisi wa agronomi tunajua hadithi hii. Motokalta inafika kijijini, watu wanapiga picha, kisha kipande kimoja kidogo kinakatika na inalala chini ya mwembe. Tofauti ni kwamba shambani utarudi kwa jembe na hutakufa siku ile. Majini hauna siku ya kungoja kipande.

Na wewe ndugu uliyesema "kafi tu": Wainuit, ambao kayaki ni urithi wao, waliiongoza kwa kafi na kwa kuinamisha mwili. Kabla ya kununua chombo chenye usukani, jifunze kuongoza bila huo. Mimi nilijifunza siku ile, kwa kuchelewa.