Nahodha wa Bwawani

Neno nahodha lilianza vyomboni baharini kabla ya kuhamia uwanja wa mpira, kwa hiyo halinishangazi nikilikuta kwenye bwawa la yadi 25 la shule ya sekondari huko Marekani. Manahodha wa timu ya kuogelea ya wasichana aghalabu ni wa mwaka wa mwisho, waliochaguliwa na wenzao au na kocha.

Shindano la kawaida lina michezo 12, nao hufunguliwa na kufungwa kwa mbio za kupokezana. Katikati, waogeleaji hupisha wanaojirusha kutoka ubao wa mita moja. Hao ni wachache, hujifunzia kandokando, na ni rahisi kusahauliwa. Nahodha wa kweli huwainua wenzake waliojikunyata kwenye mataulo wakawashangilie.

Lakini pongezi zangu hasa ni za mbio za yadi 500. Ni kwenda na kurudi hadi bwawa likatwe mara 20, na kichwa cha muogeleaji hupoteza hesabu. Basi mwenzake hupiga magoti upande wa pili na kuzamisha kibao chenye namba kila muogeleaji anapomkaribia. Kazi hiyo haina medali. Ina mikono iliyolowa tu. Nampa heko nahodha anayeipokea kwa ajili ya mgeni wa mwaka wa kwanza, anayeburura mkia wakati wengine wameshamaliza, naye nahodha bado anakitikisa kibao kwa nguvu ileile: 15, 17, kisha rangi nyekundu ya mkondo wa mwisho.