Sifa za Kiondo cha Njiani

Mtoto asiyepaswa kula ngano hapati taabu kubwa mezani kwao. Nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu hupika githeri, ugali, wali, mukimo na uji wa wimbi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai ngano. Taabu humngoja barabarani. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150, na kila gari linapopunguza mwendo, kinachopatikana upesi na kwa bei nafuu ni mandazi, chapati, keki, biskuti au soseji iliyoshikizwa kwa unga. Wachuuzi huleta pia ndizi na maembe dirishani, ila tunda peke yake halimtulizi mtoto aliyeamshwa saa kumi za usiku. Ngano imeitawala safari kwa sababu ni kavu, haivuji na hulika kwa mkono mmoja. Anayetaka kumlisha mtoto wake pasipo ngano anahitaji chakula kingine chenye sifa hizohizo tatu, na sifa hizo hazipatikani kwa kununua tu. Hutengenezwa kwa ufundi. Ninadai kwamba ufundi huo umekuwapo miteremkoni mwa Mlima Kenya kabla ya mtu yeyote hapa kulisikia neno gluteni, na kwamba unastahili heshima tunayowapa mafundi wengine.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, yaani siliaki, kwa maana bila kuuelewa sifa hizi zingekuwa za bure. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huchokozwa na protini hiyo ikaushambulia utumbo mwembamba, na mtoto anaweza kuharisha, kuvimba tumbo, kupungukiwa damu na kudumaa hata akila sahani mbili. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliandika jinsi alivyowatibu watoto wa aina hii kwa chakula kilichojaa ndizi. Wakapona mbele ya macho yake, naye akaamini kwamba ndizi ina nguvu ya pekee. Miaka mingi wazazi walizitafuta ndizi kama dawa. Kumbe siri ilikuwa mkate uliokuwa umeondolewa sahanini. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, wagonjwa wake walipata nafuu. Uliporudi wakazidiwa tena. Tasnifu yake ya 1950 ikalimaliza suala hilo. Historia hii yatufaa leo kwa sababu kosa la Haas bado linafanywa: tunatafuta chakula maalumu chenye uwezo wa kuponya, kisha tunakiagiza kwa bei kubwa kikiwa ndani ya pakiti yenye maandishi ya kigeni. Mgonjwa wa siliaki hahitaji chakula maalumu. Anahitaji chakula cha kawaida ambacho ngano haijakigusa, na mtu wa kuhakikisha haikigusi mpaka kifike kinywani.

Chakula hicho mlimani ni tele. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapo Nyeri, alikumbuka alivyocheza utotoni kando ya kijito katikati ya majani ya nduma akijaribu kuyaokota mayai ya vyura. Nduma hizo hulimwa bado mabondeni, pamoja na viazi vitamu, ndizi na mihogo ya sehemu za chini zenye joto. Katika mashamba ya kahawa imesimama mikadamia na miparachichi. Ngano nayo hulimwa jirani, kwenye nyanda za Timau, ingawa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huagizwa kutoka nje. Kuwa na mazao, hata hivyo, si kuwa na chakula cha safari. Nduma iliyotupwa ndani ya mfuko ikiwa moto, ikakaa humo saa nne, hufika ikiwa imelowa, inateleza, na mtoto akiikataa ana haki. Hapa ndipo fundi anapojipambanua.

Fundi huanza sokoni. Huchagua nduma ngumu, nzito kwa umbo lake, isiyo na sehemu laini, na huchagua zilizolingana ukubwa ili ziive pamoja. Za safari huzichemsha na maganda yake, kwa maji machache, sufuria imefunikwa vizuri, mara nyingine kwa jani la mgomba chini ya kifuniko ili mvuke usitoroke. Hana haraka, kwa sababu nduma mbichi ina vifuwele vidogo vya oksaleti ya kalsiamu vinavyowasha ulimi na koo, na nduma iliyoiva nusu humfanya mtoto aichukie maisha yake yote. Kisu kikipenya bila kukwama, humwaga maji yote na kuirudisha sufuria juu ya makaa dakika chache, tupu, mpaka unyevu wa nje uondoke. Hatua hii ya kukausha ndiyo roho ya ufundi wote. Viazi vitamu hutendewa vivyo hivyo. Kisha huvitandaza juu ya ungo vipoe kabisa kabla ya kuvifunga, kwa kuwa mvuke ulionaswa ndani ya mkebe hugeuka maji, na maji hayo ndiyo yanayochachusha chakula. Kupoza kuna faida nyingine: wanga uliopikwa ukapoa hugeuka kwa sehemu kuwa wanga usiomeng'enywa haraka, hivyo shibe yake hudumu zaidi. Waliofanya hivi vizazi na vizazi hawakusubiri maabara iwathibitishie; waliona tu kwamba anayekula nduma baridi alfajiri hufika mbali.

Kufunga nako kuna mantiki yake. Kiondo cha katani hupitisha hewa, na jani la mgomba lililolainishwa juu ya moto hukunjika bila kupasuka. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, vitu hivi vimepata sababu mpya ya kutumika. Na familia zinazopanda kutembea ndani ya Hifadhi ya Mlima Kenya zinajua kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuingia humo. Ndani ya kiondo, vyakula vigumu huwekwa chini, laini juu. Yai la kuchemsha hubaki na ganda lake, ndizi na lake, parachichi hukatwa palepale linapoliwa. Anayepanga hivi amekiachia chakula kifungashio chake cha asili, na hakuna kiwanda kilichobuni kilicho safi zaidi.

Usafi huo ndio unaombeba mgonjwa wa siliaki. Kanuni za kimataifa za Codex huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo. Ni kiasi kidogo mno, na kinatuonyesha kwamba vipande vya mkate vilivyobaki ndani ya mkebe wa kaka yake mtu vinatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo mkate wa wengine husafiri katika mfuko wake, kisu kilichopaka siagi kwenye mkate hakigusi kiazi, na viazi vya kukaanga katika mafuta yaliyopikiwa mandazi haviliwi hata kama kiazi chenyewe hakina hatia. Unga wa uji ndio mtego mkubwa. Wimbi, mtama na mahindi havina gluteni, lakini uji wa mchanganyiko huenda ukatiwa ngano ndani yake, na kinu kilichosaga ngano kwa mteja aliyetangulia humwachia anayefuata masalia. Vinywaji vingine vya unga wanavyopenda watoto vina kimea cha shayiri. Mazao mazima yana faida hapa isiyo na mfano: nduma haina orodha ya viambato, na hakuna anayeweza kuficha ngano ndani ya kiazi.

Atakuja mtu aseme kwamba haya yote ni mtindo wa matajiri walioacha mkate ili wapungue mwili. Namkubalia nusu. Watu wengi hawana sababu yoyote ya kuikimbia ngano, na mzazi asimwondolee mtoto ngano kwa kusikia maneno ya jirani. Tena kuna hatari ambayo wachache wanaijua: anayeacha ngano kabla ya kupimwa anaweza kuifanya damu yake isionyeshe dalili za siliaki, na daktari akakosa cha kushika. Kipimo kitangulie, mlo ufuate. Lakini kiondo ninachokisifu hakimdhuru asiye mgonjwa. Ndugu wanne wanaweza kula nduma, yai na njugu, mmoja wao kwa sababu ya tumbo lake na watatu kwa sababu ni chakula kizuri, na mgonjwa asijulikane kati yao. Kwa mtoto, hilo la kutotengwa lina uzito sawa na dawa.

Pingamizi zito zaidi latoka katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Wanaume wa Kikuyu, waliotegemea nafaka, mizizi na kunde, walikuwa wafupi na wepesi kuliko Wamaasai waliokula maziwa, nyama na damu, na chakula chao kilipungukiwa kalsiamu. Wanawake wa Kikuyu, waliokula zaidi mboga za majani, walikuwa na nafuu. Boyd Orr baadaye akaliongoza Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, akapata Nobel ya Amani mwaka 1949. Basi anayesifu nduma akanyamaza juu ya utafiti huo hasemi kweli yote. Wanga peke yake haujengi mtoto, sembuse aliyeharibika utumbo. Ndiyo maana kiondo cha nduma tupu si kazi ya fundi bali ya mvivu. Pembeni ya kila kiazi pawe na yai, maharagwe makavu ya kukaangwa, makadamia au chupa ya maziwa lala. Na kiazi chenyewe kikiwa cha nyama ya rangi ya machungwa, chenye vitamini A, kina faida zaidi ya cheupe. Njugu na mahindi vichambuliwe punje kwa punje. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Iliyokunjamana au kuota ukungu itupwe.

Yabaki mawili: muda na aibu. Muda si hoja kubwa, kwani nduma huchemka jioni wakati chakula cha usiku kiko jikoni na hupoa watu wamelala. Kinachobaki alfajiri ni kufunga tu. Aibu ni ngumu zaidi. Mtoto anayefungua jani la mgomba mbele ya wenzake wenye keki huona ameletewa chakula cha shamba. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo, alifundishwa na sisi watu wazima tuliompa mgeni mkate na kuificha nduma jikoni. Dawa yake iko mikononi mwetu tuliomfundisha.

Nawaomba basi maafisa wa lishe wa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru: mzazi anapotoka kliniki na habari kwamba mtoto wake ana siliaki, msimpe orodha ya makatazo peke yake. Mwandikieni pia, kwa majina yanayotumika Karatina sokoni, nduma, viazi vitamu, ndizi, mayai, njugu na parachichi, na mmweleze namna ya kukausha na kupoza kabla ya kufunga.