Kuamsha Mashine Bila Kuifuta

Disketi ilizaliwa kwa kazi ya kuwasha mashine. Mwaka 1971, IBM ilipoanza kuitoa, ilikuwa bamba jembamba la plastiki lenye upana wa inchi 8, na ndani yake mlihifadhiwa maelekezo ambayo kompyuta kubwa za System/370 ziliyahitaji kila zinapowashwa. Barua, hesabu na picha za watu zilikuja kuwekwa humo baadaye. Wengi leo wanaikumbuka disketi kama kijisanduku cha mafaili kilichopitwa na wakati. Mimi naiheshimu kwa kazi yake ya kwanza, kwa kuwa kazi hiyo bado naifanya hapa Mpanda, na sijaona nyingine katika ufundi wa kompyuta inayodai utulivu na adabu kiasi hicho.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa ilipita miaka mingi kabla mashine hizi hazijafika miji ya pembezoni. Mpanda zilifika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Baadhi zilitolewa na wafadhili kwa shule na misheni, baadhi zilinunuliwa Kariakoo zikapakiwa basi, au zikaja kwa treni kupitia Tabora na Kaliua, kwenye reli ileile iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, hivyo kipuri cha laptopu ya zamani ni kitu cha kuagiza, kusubiri, na pengine kukosa.

Tena kuna umeme. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli. Mwenye laptopu ambayo betri yake imekufa alikuwa anafanya kazi kwa kuvizia. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kwenye diski ngumu, kilichokuwa kikiandikwa hubaki nusu, na ikiwa nusu hiyo imeangukia kwenye orodha inayoiambia mashine kila faili liko wapi, au kwenye sekta ya kuanzia, kesho yake mashine haiwaki. Kioo kinabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi unasema kwamba mfumo haupatikani. Mara nyingi diski yenyewe ni nzima na maandishi ya mwenyewe yapo yote. Kilichopotea ni pa kuanzia.

Ndivyo ilivyokuwa laptopu ya mwalimu mmoja mstaafu, nene, ya kijivu, yenye Windows 98. Humo mwalimu alikuwa amekusanya maneno na methali za Kikonongo kutoka kwa wazee wa upande wa Inyonga, akiandika kila aliporudi safari. Lugha za mkoa wetu wa Katavi zina maandishi machache mno. Kibende kilipata bahati ya kuchapishiwa msamiati mwaka 2006 na mwanaisimu wa Japani, Yuko Abe, lakini jirani zake wengi wanaishi midomoni mwa wazee tu. Mwalimu alinifikia akiwa ameshapewa jibu ambalo kila mwenye kompyuta nchini amewahi kulisikia: "Hii ni kupiga Windows tu, Mwalimu."

Kupiga Windows kuna mahali pake. Lakini kumegeuka dawa ya kila ugonjwa, na dawa hiyo inaanza kwa kufuta. Fundi anaweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani, mashine inawaka, mteja analipa, kisha anafika nyumbani na kukuta mashine haina chochote chake. Siwalaumu vijana wanaofanya hivyo, maana ndivyo walivyofundishwa na wateja wenyewe wanataka kitu cha leo leo. Nasema tu kwamba kuna ufundi mwingine, wa kale zaidi, unaoanza kwa kuuliza humu ndani kuna nini.

Msingi wake ni huu. Mfumo endeshi unakaa ndani ya diski ileile inayoumwa, na mashine inayoendeshwa na diski inayoumwa inaiandika tena na tena hata pale mtumiaji hajagusa kitu. Kule Karema, mafundi wa maboti ya Ziwa Tanganyika hulivuta boti nchi kavu kwanza, ndipo hulikalafati. Diski ya kuwashia ndiyo nchi kavu ya fundi wa kompyuta. Laptopu inapowashwa, programu ndogo iliyo kwenye chipu, BIOS, hutafuta mahali pa kuanzia kwa zamu iliyopangiwa. Ikikuta disketi yenye mfumo, inasoma sekta yake ya kwanza, baiti 512 tu, na kutoka hapo mashine inaendeshwa na disketi. Diski ngumu inazunguka lakini haiandikwi mpaka fundi aamuru.

Laptopu za kisasa tunaziwasha kwa flashi. Hizi za miaka ya 1990 nyingi hazijui flashi ni nini, kwa hiyo lazima disketi, na disketi zenyewe zimezeeka. Sony, iliyoileta ile ya inchi 3.5, iliacha kuziuza mwaka 2011. Kila unayoipata leo imelala kabatini miaka mingi, na kazi inaanza kwa kuchagua. Nasukuma kile kifuniko cha chuma na kukagua utando wa ndani kwenye mwanga. Nikiona madoa ya ukungu siiingizi kwenye mashine, kwa kuwa itachafua vichwa vya kusomea na kuharibu hata disketi nzima zitakazofuata. Iliyopita ukaguzi naifomati kikamilifu, si ile fomati ya haraka inayofuta orodha pekee, huku nikisikiliza. Kichwa kinapita njia 80 kila upande, na mwendo wake una mdundo mmoja. Mdundo ukikwama na kurudiwa, sekta mojawapo imekufa, na disketi hiyo haifai kuaminiwa maandishi ya mtu.

Kisha linakuja swali la toleo, na hapa ndipo naona haraka inaumiza zaidi. Disketi ya DOS 6.22 itaiwasha laptopu ya Windows 98 vizuri kabisa, halafu inaweza kudai kwamba hakuna diski C, kwa sababu haiufahamu mpango wa FAT32 uliokuja mwaka 1996. Disketi ya Windows 98 nayo haioni kitu kwenye diski ya Windows XP iliyopangwa kwa NTFS. Fundi asiyelijua hilo anaamini diski ni tupu, anamwambia mteja pole, anapiga Windows. Faili zilikuwepo. Aliyekuwa haoni ni disketi yake.

Kwa hiyo disketi ya mwalimu niliitengeneza kwenye mashine nyingine yenye Windows 98 ileile, kupitia sehemu ya kuongeza na kuondoa programu, ambako kuna kitufe cha kazi hiyo. Naistahi sana kazi ya watu walioipanga. Disketi ina pande mbili, njia 80 kila upande, sekta 18 kila njia, baiti 512 kila sekta: jumla baiti 1,474,560. Picha moja ya simu ya leo mara nyingi haienei humo. Wao waliingiza mfumo wa kuwashia, viendeshi vya CD vya aina mbalimbali, na vifaa vya kukagua na kukarabati diski. Vifaa vingine vilibanwa ndani ya faili moja, na mashine inapowaka, disketi inajenga diski ya muda ya megabaiti 2 ndani ya kumbukumbu ya mashine na kuvifungulia huko. Umeme ukikatika diski hiyo ya muda inapotea, na hakuna hasara. Unawasha tena, inajengwa tena.

Jambo la mwisho kabla ya kuiingiza ni kusogeza kile kitufe cha plastiki pembeni hadi tundu libaki wazi. Tangu hapo disketi inasomwa tu. Hata kama laptopu ina kirusi, hakitahamia humo.

Mashine inawaka. Hakuna picha wala mshale, ila A, nukta mbili, na alama inayosubiri. Amri ya kwanza haibadilishi chochote, inaomba tu kuonyeshwa orodha ya vilivyomo C. Majina ya mafaili ya mwalimu yalipoanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine, nilijua nusu ya kazi imekwisha. Bado sikukarabati. Niliweka disketi nyingine, tupu, nikayanakili maandishi yote. Maandishi matupu ni mepesi. Disketi moja hubeba kurasa kama 700. Ndipo nikayahamishia kwenye flashi kupitia mashine mpya yenye kisomeo cha disketi cha kuchomeka. Fundi anayekarabati kabla ya kunakili anacheza kamari kwa mali ya mwenzake.

Baada ya hapo ukarabati ni mfupi. Mpango wa FAT huweka nakala mbili za ile orodha ya mahali pa mafaili, na ScanDisk huzilinganisha. Moja ikiwa imeandikwa nusu, nyingine inaweza kuiokoa. Kisha amri ya SYS inarudisha sekta ya kuanzia na mafaili ya mfumo. Kuna amri nyingine, FDISK yenye nyongeza ya MBR, ambayo vijana huipenda kwa kuwa inaponya upesi. Hiyo naiogopa. Sekta kuu ya diski ikiwa imepoteza alama yake ya mwisho, 55 na AA, amri hiyo inaweza kufuta jedwali zima la sehemu za diski. Lazima kwanza uangalie kama alama ipo. Na kwenye kila amri ya kufomati nasoma herufi ya diski kwa sauti kabla ya kubonyeza, maana kati ya A na C kuna miaka ya kazi ya mtu.

Kuna diski ambazo ufundi huu hauzifikii. Ikigonga kwa ndani, tak, tak, tak, kichwa hakipati njia, na kila dakika ya kuiacha imewaka inaweza kuzidi kukwangua utando. Hapo fundi mwaminifu anazima, anamweleza mwenye mali ukweli, na hatozi fedha kwa matumaini.

Mwalimu alipokuja hakuuliza kama laptopu imepona. Alivaa miwani, akaomba nifungue orodha ya majina ya miti, akatafuta jina moja alilopewa na mzee ambaye sasa ni marehemu. Lilikuwepo, na mbele yake maelezo ya matumizi ya magome. Akalinakili kwa kalamu kwenye daftari.

Disketi zangu nzuri zinapungua, na najua ziko nyingine. Zimo kwenye makabati ya shule za sekondari, kwenye ofisi za misheni, kwenye vyama vya msingi vya tumbaku, ndani ya maboksi yanayosubiri siku ya usafi. Naziomba. Zisichomwe pamoja na karatasi. Kila moja ikaguliwe kwanza, kwa sababu huenda ina kazi ya mtu, na kama haina, inaweza kuwasha mashine iliyo nayo. Zitunzwe mbali na jua na spika za redio, zisimame wima bila kulaliana, na kwenye lebo iandikwe toleo la mfumo na mwaka.