Namna ya Kuupima Uchezaji wa Harusini katika Mwambao

Katika harusi za Waswahili wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, anayeanza kujifunza kucheza hukosea tangu mwanzo pale anapomchagua kuwa mfano wake yule anayesogea sana, kwa kuwa mwendo mwingi huonekana upesi lakini si dalili ya umahiri. Wajuzi wa ngoma, na hasa wanawake watu wazima ambao wameketi karibu na wapigaji na hawasemi mengi, humpima mchezaji kwa yale anayoyazuia, yaani kichwa kisichopanda wala kushuka, mabega yaliyolegea na uso usioonyesha juhudi, huku kiuno kikiitika kila pigo. Kwa hiyo anayetaka kujifunza hana budi kwanza kujua cha kutazama, na zaidi ya hapo, cha kusikiliza.

Kipimo cha kwanza, basi, ni sikio. Chakacha, ngoma ya wanawake ambayo kwa desturi huchezwa katika siku za harusi mahali wasipoingia wanaume, hujengwa juu ya mzunguko wa mapigo sita mepesi, ambayo yaweza kusikika kama mafungu mawili ya mapigo matatu matatu, au kama mafungu matatu ya mapigo mawili mawili. Ngoma moja hushikilia mgawanyo wa kwanza na nyingine ikauvutia upande wa pili, na mvutano huo ndio unaokiita kiuno. Mchezaji hafifu husikia mgawanyo mmoja tu, kwa kawaida ule wa ngoma yenye sauti nzito, naye hucheza kana kwamba yumo katika gwaride; stadi huziachia nyayo mafungu mawili na kiuno mafungu matatu, hata mtazamaji akaona mwili mmoja umebeba ngoma mbili bila kuzichanganya. Zoezi la kulizoesha sikio hufanywa mtu akiwa ameketi: mkono wa kushoto hupiga goti katika pigo la 1 na la 4, kisha wa kulia huongezwa katika pigo la 1, la 3 na la 5, na asiyeweza kulifanya hilo huku akizungumza na jirani yake hajawa tayari kuinuka. Zoezi hili huchosha, na wengi hulikimbia, jambo ambalo huonekana baadaye uwanjani.

Baada ya sikio hufuata chanzo cha mwendo. Wengi hudhani kwamba kukata kiuno, yaani kukizungusha na kukikatiza kwa kufuata mapigo, ni kazi ya kiuno chenyewe, ilhali nguvu hutoka chini: nyayo hukaa bapa, magoti hulegezwa kidogo, na kisigino kimoja kinapokandamiza ardhi nyonga ya upande huo hupanda bila kusukumwa. Mahali bora pa kuthibitisha hayo ni kwenye kibwebwe, ile leso au kanga inayokunjwa na kukazwa kiunoni kabla ya kucheza, kwa sababu fundo lake halijui kuficha kitu. Kwa mchezaji mzuri fundo huchora duara dogo lililo sawa pande zote, hutua kidogo sana panapotua ngoma, kisha huendelea, na pindo la nguo lililo chini yake hufuata kwa kuchelewa kidogo. Kwa asiyejua, fundo huruka huku na huku na kifua nacho kikatikisika, ishara kwamba mwendo unatoka mgongoni. Mgongo huo hauwezi kustahimili zaidi ya nyimbo chache, ndiyo maana wanaoanza kwa kishindo huwa wa kwanza kutafuta kiti.

Upimaji wa namna hii si jambo jipya. Vyama vya ngoma ya lelemama vya wanawake wa Mombasa, ambavyo vilishindana vikali enzi ya ukoloni, vilikuza uchezaji wa safu ambamo mikono na kichwa vilisogezwa kwa kiasi kidogo mno, na aliyetaka kuutofautisha ufundi wa chama na chama alilazimika kuwa na jicho la karibu. Mabadiliko makubwa yalikuja pale ambapo bendi za pwani ya Kenya, kama Mombasa Roots katika miaka ya 1980, zilipoichukua chakacha na kuiweka katika ala za umeme na majukwaa ya hoteli. Jukwaa hudai mwendo unaoonekana kutoka mbali, na kwa hiyo viuno vilipanuliwa. Hapana ubaya katika hilo jukwaani, lakini anayejifunza kwa kutazama maonyesho hayo peke yake huingia harusini na mwendo mkubwa kuliko chumba, akawagonga wenzake ambao wamepangana kwa duara na kusogea kwa hatua za nusu unyayo. Muziki wa kinanda chenye mapigo yaliyorekodiwa una kasoro nyingine, kwamba hauongezi kasi wala kupunguza kwa kumtazama mchezaji, hivyo humnyima mazungumzo na mpigaji. Inapowezekana, basi, mwanafunzi aanzie kwenye ngoma za mikono.

Kidumbaki cha Unguja, kikundi kidogo cha ngoma mbili, fidla, cherewa (manyanga ya kutikiswa), mkwasa (vijiti vya kugonganishwa) na sanduku lililofungwa uzi ili litoe sauti nzito, kinafaa sana kwa mafunzo hayo, kwani nyimbo zake huunganishwa bila kituo na mchezaji hulazimika kubadili mwendo katikati ya safari. Hapo kipimo ni kimoja tu: je, alijua mabadiliko yanakuja, au aliyafuata yalipokwisha kufika?

Taarab inahitaji jicho la aina nyingine. Muziki huu ulistawi Zanzibar katika kasri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na baadaye katika vikundi kama Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na kwa muda mrefu ulikuwa muziki wa kukaa na kusikiliza. Hata leo, pamoja na kuwa taarab ya kisasa iliyoshamiri tangu miaka ya 1990 imewainua watu vitini, kilele cha uchezaji wake harusini ni kutunza, yaani kumwendea mwimbaji kwa madaha na kumpa fedha wimbo ukiendelea. Mwendo huo mfupi, wa kutoka kitini hadi kwa mwimbaji, ndio mtihani wenyewe. Anayejua huinuka ubeti unapoanza, si unapomalizika. Huikunjua noti mapema ili asipekue mkoba njiani. Huushika mkono juu ya bega, kiganja kikiwa wazi na kiwiko kimelegea, na huupima umbali kwa hatua ndogo ili afike sawia na mstari alioukusudia. Huitoa noti bila kuitupa, hubakia kwa pigo moja au mawili ili mwimbaji apate kuitika kwa macho, kisha hurudi kwa mahadhi yale yale, na akiona mwingine ameinuka humpisha. Ukubwa wa noti hauongezi chochote katika hukumu ya wajuzi, ingawa wapo wageni wanaodhani kinyume.

Ugumu wa kutunza umo katika maneno. Mashairi mengi ya taarab husema kwa mafumbo, na mengine ni mipasho, yaani vijembe vinavyomlenga mtu bila kumtaja, hivyo mstari ambao mgeni ameinuka nao huhesabiwa kuwa ni kauli yake. Aliyeinuka kwa kufurahia fidla tu aweza kujikuta amemjibu wifi wa bibi harusi, au amejiunga na ugomvi wa majirani asiowajua, na hakuna ulaini wa kiuno utakaorekebisha jambo hilo usiku ule. Anayeanza, ambaye hajayajua bado maneno ya wimbo, afadhali angoje kiitikio, wakati ambapo wengi huinuka pamoja, ili noti yake isisomwe kuwa imeelekezwa kwa mtu.