Utando au Tabaka? Istilahi ya Elektroni Zilizo Juu ya Heliamu

Miongoni mwa istilahi za fizikia zilizopendekezwa imo "utando wa elektroni", kwa maana ya elektroni zilizokusanyika juu ya uso wa heliamu iliyo kimiminika. Neno ni la Kiswahili, ni fupi, na latamkika vizuri. Hata hivyo, sifa hizo hazitoshi.

Utando wa maziwa hutokana na maziwa yenyewe, huyagusa, na huweza kuenguliwa kwa kijiko. Elektroni hizi sivyo zilivyo. Hazitokani na heliamu, bali huletwa juu yake kutoka nje. Chaji ya elektroni huiathiri kidogo heliamu iliyo chini yake, hata elektroni ikavutwa kuelekea usoni. Lakini atomu za heliamu huizuia isiingie. Basi hubaki juu, mbali na uso kwa wastani wa sehemu moja ya laki ya milimita hivi. Umbali huo, ujapokuwa mdogo, ndio kiini cha dhana: elektroni huteleza kwa wepesi mkubwa, huku zikisukumana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1934 Wigner alitabiri kwamba elektroni zilizotengana vya kutosha, katika baridi kali, zitajipanga kama fuwele. Mwaka 1979 Grimes na Adams, wa maabara ya Bell huko Marekani, waliithibitisha fuwele hiyo juu ya heliamu, katika halijoto isiyofika nusu kelvini. Mwanafunzi aliyepewa "utando" atadhani kwamba ni heliamu iliyoganda.

Pendekezo la pili, "tabaka elezi", limetolewa katika kitenzi kuelea. Lakini mashua huelea ikiwa imegusa maji. Tena umbo hilo humrudisha msomaji kwenye kielezi cha sarufi.

Kwa maoni yetu, lifaalo ni "tabaka lililoangama". Tunda likikatika tawini, likanaswa na majani lisifike chini, husemwa limeangama: lavutwa, lakini lazuiwa. Ndiyo hali ya elektroni hasa. Itasemwa kwamba neno hili lakaribiana mno na "kuangamia". Hoja hiyo ina uzito. Lakini kosa la herufi husahihishwa kwa kalamu, na dhana iliyopotoka haisahihishwi hivyo. Msomaji mwenye neno bora na alilete, pamoja na sababu zake, kabla orodha haijapitishwa.