Dawa bila kupima: juu ya zile video za «kuongeza FPS»

Wandugu, leo niache kidogo mihogo na mahindi, niseme juu ya mafundisho fulani yenye yanazunguka sana mu telefone zetu: zile video zenye zinaahidi kwamba laptopu yako ya michezo, yenye imeanza kukwama-kwama, itapona kwa dakika 10. Nimeangalia nyingi, za Kifaransa, za Kiingereza, na chache za Kiswahili. Neno langu ni hili: karibu zote zinatoa dawa bila kupima mugonjwa.

Zote zinafanana. Jamaa anaonyesha muchezo unashuka kutoka picha 60 kwa sekunde mpaka 20. Kisha anatoa orodha: futa mafaili ya muda, zima mapambo ya Windows, weka programu fulani ya «kusafisha», badilisha mistari fulani ndani ya rejista, washa mashini upya. Mwishoni, 60 inarudi na watu wanashukuru. Lakini vitu 12 vimebadilishwa mara moja! Kipi kilisaidia? Hata yeye hajui. Tena wakati anabofya-bofya, muchezo ulikuwa umefungwa na mashini imepoa. Pengine ile kupoa peke yake njo ilirudisha 60, na kesho, kisha dakika 15 za kucheza, itashuka tena. Kwetu agronomia, ukiweka mbolea, ukabadilisha mbegu na ukamwagilia kwa wakati mumoja, bila parseli ya kulinganisha, profesa anakurudishia kazi yako bila kuisoma mpaka mwisho.

Kosa kubwa ni kufikiri kwamba alama moja iko na sababu moja. Majani ya mahindi yakigeuka manjano, hatukimbilii mufuko wa urea. Tunaangalia kwanza: yameanza majani ya zamani ya chini ao yale mapya ya juu? Ya chini yanatufanya tufikirie azoti, ya juu yanatupeleka kwa chuma ao salfa. Kwa laptopu pia swali la kwanza ni lile ambalo video haziulizi: FPS inashuka *wakati gani*?

Kama inaanza vizuri halafu inashuka kisha dakika kumi na kitu, shuku joto. Prosesa ikikaribia digri 95 ao 100, yenyewe inapunguza mbio ili isiungue. Hapo dawa ni burashi, kufungua njia za hewa zenye zimejaa vumbi la kiangazi, kubadilisha ile pate ya joto yenye imekauka, na kuacha kuchezea juu ya kitanda.

Kama inaanguka gafla, prosesa inabakia megahertz 400 ao 800, na joto liko chini, angalia shariji. Mashini yenye ilitoka na shariji ya wati 180, ukiipatia ya wati 90 ya soko, haitapata nguvu ya kutosha. Kuna mashini zenye zikishindwa kutambua shariji zinajipunguza zenyewe. Na umeme ukikatika, ukabakia kwa batri, kushuka ni kawaida: haiko ugonjwa.

Kama FPS iko chini tangu mwanzo, pengine muchezo unatumia ile kadi ndogo ya grafiki yenye iko ndani ya prosesa, na kadi kubwa imelala. Na kama inakwama kidogo tu kila ukiingia pahali papya, angalia memori imejaa na disko ya mutindo wa zamani. Hapa niwape video haki yao: kwa mutu wa giga 8 za RAM, kufunga programu zingine kunasaidia kweli.

Lakini ubaya haukai kwa video peke yake. Wenye kutengeneza pia wanatuficha kitu. Jina RTX 4060 ya laptopu, Nvidia inaruhusu iwekwe kwa nguvu kati ya wati 35 na 115. Jina ni moja, lakini mashini mbili haziwezi kucheza sawa. Mutu anasoma jina kwenye karatasi, analipa, kisha anatafuta mwaka muzima «kosa» lenye halimo.

Kwa nini nakasirika juu ya michezo? Juu hizi mashini, kwa wengi wetu, haziko za michezo tu. Ni hapo tunaandikia mémoire, tunachorea karte na QGIS, tunatafutia kazi. Namujua mwanafunzi mwenye alifuata orodha mpaka kuingiza Windows upya, akapoteza sura mbili za mémoire yake. Kumbe shida ilikuwa shariji. Mwenye video hakuona hasara hiyo. Yeye alihesabu tu kwamba mutu mumoja zaidi ameangalia.

Video nzuri ingekuwa fupi na isiyopendeza sana: fungua HWiNFO, cheza dakika 20, andika joto, mbio za prosesa, wati za kadi na memori, *wakati ule ule* FPS inaanguka. Badilisha kitu kimoja. Cheza tena dakika 20, pahali pale pale pa muchezo. Linganisha.

Kwa hiyo, ndugu mwenye utaandika hapa chini «mashini yangu inakwama, nifanye nini?», ulete kwanza hizo namba ine pamoja na wati zenye zimeandikwa kwenye shariji yako. Na kabla ya kugusa kitu chochote, kopia mémoire yako kwenye flash.